Aliyesimama Kando ya Pazia: Sinema za Usiku, Maktaba za Miji Midogo na Kiswahili Chetu

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, hutuletea swali lile lile: mwanafunzi atakisikia wapi Kiswahili baada ya kengele ya mwisho kulia? Mwenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa huenda akadhani ni mzaha, kwa kuwa huko mtoto hukisikia dukani, garini na hata kwenye ugomvi wa majirani. Hapa Uganda hali ni nyingine. Katika miji midogo mingi mwanafunzi hutoka darasani, akavuka barabara, na Kiswahili chake kikabaki daftarini hadi kipindi kijacho.

Baadhi yetu tumejaribu kulijibu swali hilo kwa kuandaa jioni ya filamu katika maktaba ya umma ya mji mdogo. Tulipoanza tulidhani tumebuni jambo jipya. Baadaye tukatambua kwamba sinema za usiku za kuwakusanya wananchi, zenye nia ya kuelimisha, zina historia ya karibu miaka 90 katika eneo letu, na kwamba waliotutangulia walikumbana na karibu kila tatizo tulilokumbana nalo sisi.

Katika makala haya tunaifuata historia hiyo kwa ufupi, tangu lori la sinema la miaka ya 1930 hadi vibanda vya video. Hoja yetu ni moja. Mashine iliwavuta watu mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa kioja. Aliyewafanya wakae na warudi tena ni mtu aliyesimama kando ya pazia akawasemesha kwa lugha waliyoielewa. Maktaba zetu zilipewa vitabu, rafu na kanuni, lakini mtu huyo hazikupewa. Sisi walimu wa lugha tunaweza kuwa mtu huyo, au kumlea.

Lori la Vugiri

Mwaka 1935 ulianza mradi mmoja huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Kwa kifupi cha Kiingereza uliitwa BEKE. Kwa Kiswahili tungeweza kuuita Jaribio la Sinema ya Kuelimisha Wabantu. Wasimamizi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba makubwa Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mradi ulidhaminiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la New York.

Tulitue kidogo hilo jina la Carnegie. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua, alikuwa amegharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nyingi zikiwa katika miji midogo ya Marekani, Uingereza na Kanada. Katika miji ile maktaba haikuwa ghala la vitabu tu. Nyingi zilijengwa zikiwa na ukumbi wa mihadhara na mikutano ya wananchi. Kwa hiyo mali iliyojenga maktaba za Wamarekani ndiyo iliyolipia lori la sinema la Waafrika. Wao walipewa nyumba ya kuingia kila siku na kuchagua kitabu wanachotaka. Sisi tulipewa gari lililokuja usiku mmoja, likaonyesha kilichochaguliwa na wengine, likaondoka alfajiri.

Hata hivyo, mambo mengi ya mradi ule yanamhusu mwalimu wa lugha. BEKE ilitengeneza filamu zipatazo 35 za milimita 16. Ziliwahusu mkulima, mfugaji, mlipa kodi na mgonjwa: namna ya kutunza ngozi za wanyama, mmomonyoko wa udongo, minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga. Lori lilibeba projekta, jenereta, pazia na mashine ya santuri, na likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zilipigwa bila sauti. Maelezo na muziki vilirekodiwa kwenye sahani za santuri, na sahani ikachezwa sambamba na picha.

Mbinu hiyo ilikuwa ya bei nafuu, na sauti ilipotangulia au kuchelewa kuliko picha, watazamaji waliona kituko. Lakini ilikuwa na faida moja kubwa. Picha ilibaki ile ile, ukabadilisha sahani tu, na mtu wa filamu akaacha kusema Kiswahili akasema lugha nyingine. Pale ambapo hapakuwa na sahani ya lugha ya wenyeji, alisimama mkalimani mbele ya kipaza sauti akaeleza kwa mdomo. Pengine hapo ndipo kazi ya msimulizi wa filamu ilipoanza katika nchi zetu: shimo lililoachwa na santuri, likazibwa na mtu.

Filamu moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anaupeleka posta, mwenzake anaufukia ndani ya nyumba yake, na mwizi anauchukua. Kisa ni chepesi, kinafanana na hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu ambamo mwerevu na mjinga hupita njia moja wakafika mahali tofauti. Mtu akisimulia kisa hicho kwa lugha ya wanaomsikiliza, watacheka, watamzomea mwizi na kumwonya yule mjinga kabla hajafukia fedha zake. Kisomwe kwa sauti ya amri, kitakuwa tangazo la serikali.

Mradi ulikoma mwaka 1937, kwa kuwa serikali za kikoloni hazikuwa tayari kuubeba. Leo filamu tatu tu ndizo zinazojulikana kuwa zimesalia, na zimehifadhiwa Uingereza. Mojawapo inaonyesha makazi ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro.

Mkalimani na kuku

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kikiongozwa na William Sellers aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Kwanza kilieleza habari za vita. Baada ya vita kilirudi kwenye afya, kilimo na ushirika. Magari ya sinema yakaongezeka katika makoloni mengi ya Afrika.

Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Akaagiza picha ziende polepole, kusiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, wala kusiwe na mambo mengi ndani ya picha moja. Hadithi iliyotumiwa sana kuthibitisha imani ya namna hiyo ni ile ya kuku. Inasemekana watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu ya usafi wa mazingira, kisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama kuku yumo. Walipoikagua filamu picha kwa picha, wakamkuta kweli, amepita pembeni kwa muda wa kufumba na kufumbua. Hadithi hiyo ilisimuliwa na John Wilson, na ikaenea duniani mwaka 1962 ilipoingia katika kitabu cha Marshall McLuhan wa Kanada.

Wengi waliicheka kama dalili ya ujinga. Sisi tunaisoma vingine. Watu walionyeshwa afisa akimwaga maji machafu, jambo lisilo na kisa ndani yake, na hakuna aliyewaambia kwa nini walitazame. Katika picha nzima kilichokuwa hai na kinachojulikana ni kuku. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwasomea wanafunzi kifungu cha ufahamu kilicho mbali na maisha yao amewahi kupata jibu la kuku. Kosa huwa halimo machoni mwa mwanafunzi.

Na hapa tena mkalimani ndiye aliyeokoa jahazi. Filamu nyingi za kitengo hicho zilitumwa bila sauti, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza, ili mtu wa mahali husika ayaeleze kwa lugha ya wenyeji. Karatasi ilisema kitu kimoja. Mdomo ulikuwa na uhuru wa kusema kingine. Msimulizi hodari aliongeza methali, aliwataja watu wa kijiji kile kwa mzaha, na mahali pa kuchosha alipajaza kwa kisa. Afisa aliyesimama nyuma ya gari huenda hakuelewa neno. Alichosikia ni kicheko, akaandika katika ripoti yake kwamba filamu imependwa.

Mwaka 1952

Kwa mwanafunzi wa historia ya Kiswahili, mwaka 1952 una mambo matatu ambayo ni vizuri kuyaweka pamoja.

La kwanza lilitokea Tanganyika. Filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu ilitengenezwa, na miongoni mwa waigizaji wake alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Sasa Kiswahili hakikuwa tena sahani iliyowekwa juu ya picha ya wengine. Waigizaji wenyewe walisema, wakabishana na kutaniana kwa lugha hiyo mbele ya kamera.

La pili lilitokea kwetu. Katika Uganda Kiswahili kilikoma kutambuliwa kuwa lugha ya shule, isipokuwa katika shule za polisi. Ugomvi ulikuwa wa siku nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi, na Kabaka Daudi Chwa akampinga, akihofia hatima ya lugha na mila za Buganda. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Wengi waliona Kiswahili kama lugha ya walowezi wa Kenya na ya kumwamrisha kibarua. Kufikia 1952 upande wa wapinzani ulikuwa umeshinda.

La tatu linashangaza ukiliweka kando ya la pili. Mwaka huo huo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ilihamia Makerere. Kwa hiyo Kampala ilikuwa makao ya kamati iliyopima kila neno la Kiswahili sanifu, huku mtoto wa Masaka au Lira akiwa hafundishwi hata salamu ya lugha hiyo.

Matokeo yake tunaishi nayo. Kiswahili kilibaki katika kambi, kituo cha polisi na kizuizi cha barabarani. Vizazi vya Waganda vilikisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki, kikiuliza kitambulisho. Lugha ikikosa mahali pa kuchekea, kuimbia na kusimulia, hata iandikiwe sheria ngapi, watu huitii bila kuipenda.

Sanduku la vitabu

Tuiache sinema kidogo tuingie maktaba. Mwaka 1948 ilianzishwa Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, chini ya Charles Richards. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, na pia ilianza kusambaza masanduku ya vitabu katika shule, vilabu na vituo vya wilaya, pamoja na kuazimisha vitabu kwa posta. Mwaka 1960 mkutubi Sidney Hockey aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba za umma. Sheria zikafuata haraka: Tanganyika mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Mwaka 1963 Makerere ilipata shule ya kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki nzima.

Wakutubi hao walifanya kazi kubwa kwa fedha kidogo, na hatutaki kuwabeza. Lakini maktaba waliyoirithi ilikuwa ya namna moja: chumba cha kimya, meza za wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, na bango la kukataza mazungumzo. Sinema na maktaba zikawa kama ndugu wawili wasiosalimiana. Sinema ilikuwa ya nje, ya usiku, ya kelele na ya wote. Maktaba ilikuwa ya ndani, ya mchana, ya kimya na ya mwenye kusoma. Mama muuza ndizi aliyesimama mbele ya gari la sinema akicheka hadi machozi, hangethubutu kuvuka kizingiti cha maktaba.

Ugatuzi ulipokuja, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliweka maktaba za umma za Uganda mikononi mwa wilaya na miji, na mwaka 2003 sheria nyingine ikaanzisha Maktaba ya Taifa. Mji wenye barabara mbovu na zahanati isiyo na dawa hauwezi kulaumiwa sana ukiiweka maktaba mwisho wa orodha. Wakati huo huo likazuka jambo jingine kutoka chini. Huko Kitengesa, karibu na Masaka, maktaba ya kijiji ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, ikapata jengo lake mwaka 2002. Umeme wa jua uliiwezesha kubaki wazi baada ya giza kuingia. Mwaka 2007 kikaundwa chama cha maktaba za jamii nchini. Sanduku lililotumwa na ofisi ya kikoloni sasa lilikuwa limefunguliwa na wanakijiji wenyewe, na mlango haukufungwa saa kumi na moja jioni.

Kibanda kikajibu

Maktaba zilipokuwa zikihangaika na bajeti, watu wa mijini walikuwa wamekwisha kujipatia sinema yao. Kuanzia miaka ya 1980 mashine za video ziliingia, na katika kila mji wa Uganda vikajengwa vibanda vya mbao na mabati vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio kidogo. Filamu zilikuwa za Hong Kong, Marekani na India. Nani angezielewa?

Akatokea tena yule yule aliyesimama kando ya pazia. Hapa kwetu anaitwa VJ. Hukaa na kipaza sauti, hupunguza sauti ya filamu, akaifasiri kwa Luganda, akiongeza utani, mawaidha na majina ya mitaa ya Kampala. Mchezaji wa kareti wa Hong Kong hujikuta anaishi Katwe. Filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga na Nabwana IGG, ilikwenda mbali zaidi: sauti ya VJ Emmie imeingizwa ndani ya filamu yenyewe, na watazamaji wa nchi za mbali waliipenda kwa sababu ya sauti hiyo.

Majirani zetu nao wana wasimulizi wao, na kwao kazi hiyo ilifanywa kwa Kiswahili. Tanzania ilimfahamu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng. Katika vibanda kama hivyo yamestawi maneno ambayo Kamati ya Lugha haikuyapanga: staringi, yaani mhusika mkuu ambaye kila mtoto anajua hafi, adui, yaani anayepambana na staringi, picha la Kihindi, picha la ngumi. Mwanafunzi anayefundishwa “mhusika mkuu” darasani na kusikia “staringi” kibandani amejifunza rejista mbili za lugha moja bila mwalimu kutaja neno rejista.

Waandaaji wa matamasha pia wamelitambua jambo hili. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, lilipeleka filamu hadi vijijini. Nchini Rwanda, tamasha lililoanza mwaka 2005 lilizungusha pazia la kupulizwa hewa milimani, likiwaonyesha wananchi filamu za Kinyarwanda, katika nchi iliyokuwa imejeruhiwa na yenye haja ya kuketi pamoja.

Tusikipambe kibanda kupita kiasi. Mara nyingi kimejaa vijana wa kiume watupu, wazazi hulalamika kwamba kinawatorosha watoto shuleni, na filamu nyingine hazimfai mtoto. Mama aliyekuwa akicheka mbele ya gari la sinema hana kiti humo. Maktaba ina nafasi ya kumkaribisha, ikikubali kupoteza ukimya wake jioni moja kwa wiki.

Jioni yetu

Tueleze sasa tulivyojaribu wenyewe. Tulikubaliana na mkutubi wa mji mmoja mdogo, tukabeba projekta, spika na shuka jeupe. Filamu ilikuwa fupi, ya Kiswahili, yenye kisa cha nyumbani. Tulijiandaa kama walimu: tulitayarisha orodha ya msamiati, tukawagawia watu karatasi mlangoni, na mwenzetu mmoja akatoa utangulizi wa dakika 20 kuhusu umuhimu wa Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kabla hajamaliza, nusu ya safu ya nyuma ilikuwa imeondoka. Tulikuwa tumerudia kosa la lori la Vugiri bila kujua.

Filamu ilipoanza, waliobaki walitazama kwa adabu, kimya. Kisha tukasikia minong'ono pembeni. Mzee mmoja, mstaafu aliyeanza kazi kijana katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, alikuwa akiwaeleza majirani zake kila kinachotokea, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa lugha ya nyumbani. Watu walikuwa wamemsogelea, migongo ikiwa nusu imeelekea filamu.

Tulisimamisha filamu. Mwanafunzi wetu mmoja akamwendea, akapiga goti kidogo kama desturi ya kwao, akamwambia, “Shikamoo mzee. Tunaomba utusaidie, uwaeleze wote.” Mzee akajibu, “Marahaba mwanangu. Lakini hicho kipaza sauti chenu mkizime, mimi nilikuwa napiga kelele stesheni.”

Tukaanza upya. Alimtambulisha staringi kabla hatujamwona. Alimgombeza mke wa pili. Alipokosea, bibi mmoja aliyekuwa ameuza samaki miaka mingi mpakani alimsahihisha kwa Kiswahili, na ukumbi mzima ukacheka. Wanafunzi wa sekondari, ambao tuliwaandalia karatasi, walianza kuandika nyuma ya karatasi hizo maneno ya mzee. Mwisho wa filamu hakuna aliyeuliza kuhusu Jumuiya. Waliuliza filamu nyingine itakuja lini, na mkutubi akaazimisha vitabu sita vya hadithi usiku ule, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

Tulijifunza kwamba Kiswahili hakikuwa kigeni mjini pale kama tulivyodhani. Kilikuwa kimekaa vinywani mwa wazee wa reli, wachuuzi wa mpakani na askari wastaafu, kikiwa hakijaalikwa mahali popote kwa heshima. Sisi tulikuja kukileta, kumbe kazi yetu ilikuwa kukifungulia mlango.

Hitimisho

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato vya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya. Tunazishukuru hatua hizo. Lakini historia tuliyoieleza inatuonya. Kiswahili kiliwahi kuletwa hapa kwa waraka wa gavana, kikakataliwa. Kikatangazwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na amri ile haikukipeleka mezani pa chakula. Waraka haujawahi kumchekesha mtu.

Maktaba ya mji mdogo inaweza kufanya kisichowezwa na waraka, kwa gharama ndogo. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni mwanzo mzuri, ila isiwe mwanzo na mwisho. Kwa walimu watakaojaribu, tunashauri haya machache. Ombeni ruhusa ya wenye filamu. Chagueni kisa, mkiacha mawaidha. Anzeni mapema jioni ili akina mama na watoto warudi nyumbani salama. Mtafuteni mzee au bibi anayejua kusimulia, mpeni kiti cha mbele. Wekeni vitabu vya hadithi mezani karibu na mlango wa kutokea. Hotuba, kama lazima iwepo, isizidi dakika mbili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Linganisha kazi ya mkalimani wa gari la sinema na ya msimulizi wa kibanda cha video. Ni nani mwenye uhuru zaidi wa kubadili maana, na kwa nini?

2. Eleza hadithi ya kuku kwa mtazamo wa watazamaji wenyewe. Ikiwezekana, iandike kama mazungumzo kati ya wanakijiji wawili wakirudi nyumbani.

3. Kusanya kutoka kwa wazee wa mji wako maneno kumi ya Kiswahili yanayohusu sinema, reli au biashara ya mpakani. Yapi yamo katika kamusi, na yapi hayamo?

4. “Ukimya ni adabu ya maktaba.” Jadili kauli hii ukizingatia historia iliyoelezwa katika makala haya.